Osaka 1837: mkuu wa mji alipopakia mchele melini na watu wake wana njaa

Asubuhi ya 25 Machi 1837, mtaa wa Tenma pale Osaka, afisa mstaafu anaitwa Ōshio Heihachirō alitia moto nyumba yake mwenyewe, akatoka barabarani na mizinga, watu wake wamebeba bendera yenye maandishi ya kuokoa wananchi, na shabaha ya kwanza walikuwa mabosi wa ofisi ile ile aliyoitumikia tangu ujana wake, ofisi ya mkuu wa mji. Moto ulipokuja kuzimika kesho yake usiku karibu sehemu moja ya tano ya mji ilikuwa majivu. Watu wakisimulia kisa hiki humsimulia Ōshio peke yake, shujaa au mwendawazimu kutegemea nani anasimulia. Mimi kinachonikaba ni ofisi yenyewe, maana baridi na mvua ndizo zilizoharibu mavuno sawa, ila kilichowafika watu wa Osaka kilipita kwenye meza ya mtu, kikaandikwa, kikapigwa muhuri.

Tuanze na hiyo meza. Japani ya enzi hizo ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi ya ukoo wa Tokugawa, shogun anakaa Edo (Tokyo ya leo), na miji mikubwa kama Edo, Kyoto na Osaka haikupewa bwana yeyote wa jimbo, iliwekwa moja kwa moja chini ya serikali kuu. Anayeletwa kuisimamia anaitwa machi-bugyō, na cheo hicho ukikitazama ni vyeo vinne vitano kwa pamoja: ni hakimu, ni mkuu wa polisi, ni mkurugenzi wa jiji, ni msimamizi wa soko, na moto ukizuka ni wake pia. Osaka ilikuwa na wawili, wa Mashariki na wa Magharibi. Hawakugawana mji nusu kwa nusu kama majina yanavyodanganya, walipokezana mwezi kwa mwezi, mmoja anafungua geti anapokea kesi mpya, mwenzake anafunga geti anamalizia mafaili ya mwezi uliopita.

Sasa hawa wakuu walikuwa samurai wa shogun kutoka Edo. Wanakaa miaka michache halafu uhamisho, na anayeamua uhamisho ni Edo, anayepandisha cheo ni Edo, anayekaripia ni Edo. Chini yao kila ofisi ina maafisa 30 wanaoitwa yoriki na wasaidizi 50 wanaoitwa dōshin, na hao ni watu wa pale pale, kazi wanarithishana baba kwa mtoto, wanamjua kila dalali, kila mwizi, kila mlanguzi wa mchele na ghala lake liko wapi. Piga hesabu, mji wenye watu zaidi ya 300,000, watumishi 160 ukijumlisha ofisi zote mbili. Maisha ya kila siku ya mitaa yaliendeshwa na wazee wa mitaa wenyewe, raia wa kawaida, na ofisi iliwategemea hao kwa karibu kila kitu. Kwa hiyo bosi mgeni anaweza kujua mengi sana akitaka kuuliza, na anaweza asijue kitu akiamua kutouliza. Hilo lishike, linarudi.

Na Osaka haukuwa mji wa hivi hivi. Mabwana wa majimbo walikuwa na maghala yao pale, mchele wa kodi unashushwa, unauzwa, unageuzwa fedha, na soko la mchele la Dōjima lilikuwa limetambuliwa rasmi na serikali tangu 1730. Nchi nzima ilitazama bei ya Dōjima. Yaani watu walikufa njaa kwenye mji ambao mchele wa nchi ndiko ulikokuwa unapita!

Njaa ilianza 1833. Mavuno mabovu mfululizo, kaskazini ndiko kulikoumia kuliko kote, na 1836 ndio ukawa mwaka wa balaa kwelikweli, kiangazi cha baridi, mvua haikatiki. Ila angalia kitu kimoja ambacho mimi naona ndio ufunguo wa kisa chote. Njaa ilipoanza 1833 mkuu wa Magharibi alikuwa Yabe Sadanori, mtu wa Edo kama wengine, chini ya sheria zile zile na serikali ile ile. Yabe aliuliza. Alimwita Ōshio, ambaye tayari alikuwa amestaafu na tena alitumikia ofisi ya upande mwingine, akamsikiliza kuhusu mchele na bei, na mji ukavuka kipindi kile bila kulipuka. Mwaka 1836 Yabe akapandishwa cheo, akaenda Edo kwenye ofisi ya fedha. Kwa mtumishi ni habari njema, kwa Osaka ilikuwa hasara ambayo hakuna aliyeiandika kama hasara.

Mwaka huo huo 1836 akaingia Atobe Yoshisuke, mkuu wa Mashariki. Huyu ni mdogo wake Mizuno Tadakuni, mmoja wa mawaziri wakubwa wa shogun, yule ambaye miaka michache baadaye ndiye atakayeongoza mageuzi ya Tenpō, yale mabadiliko makubwa ya serikali ya shogun. Kaka yake yuko juu kabisa Edo, na Edo ikasema tunataka mchele. Shogun Ienari alikuwa anajiandaa kumwachia mwanawe Ieyoshi kiti, kuna sherehe, kuna wageni, na zaidi ya sherehe kulikuwa na woga. Edo ulikuwa mji wa watu wengi kupita yote nchini na chakula chake kinatoka mbali. Mwaka 1787 bei ilipopanda vile watu walivunja maduka ya mchele Osaka na miji mingine, halafu Edo yenyewe ikawaka siku kadhaa, na mkuu wa mji wa Edo wa wakati ule akapoteza kazi. Kila mtumishi alilijua somo hilo. Na mwaka 1836 wenyewe kulishakuwa na ghasia kubwa za wakulima kwenye majimbo ya Kai na Mikawa. Kwa hiyo Atobe alipopokea agizo hakupokea upuuzi, alipokea agizo lenye sababu, na mimi siwezi kumwita chizi kwa kulitekeleza. Namlaumu kwa namna alivyolitekeleza.

Alichofanya ni hiki. Alimtuma afisa wa ofisi ya Magharibi anaitwa Uchiyama Hikojirō aende bandari ya Hyōgo, magharibi mwa Osaka, akanunue mchele huko huko kabla haujafika mjini, upakiwe kwenda Edo. Wakati huo huo, mchele kutoka Osaka kwenda sehemu nyingine ukabanwa, eti kulinda akiba ya mji. Watu wa Kyoto na vijiji vya jirani wakawa wanakuja kwa miguu kununua gō 5, shō 1, yaani kati ya lita kasoro na lita mbili kasoro, kiasi cha kushikilia roho za watoto siku mbili tatu, wanakamatwa. Ukiweka hizo amri mbili mezani pamoja utaona kitu kinachochefua: shehena ya meli inapita, kifurushi cha mtu kinazuiwa. Amri ya kuzuia mchele kutoka nje ya mji peke yake ni hatua ya kawaida kabisa, miji mingi ingefanya hivyo wakati wa njaa, lakini ukishaitoa halafu mlango mkubwa ukauacha wazi kwa ajili ya Edo, basi hujalinda akiba ya mtu yeyote, umechagua tu nani afe.

Na uwezo alikuwa nao, tena mkubwa. Angeweza kuwabana walanguzi, angeweza kuwaita matajiri mmoja mmoja wachangie, mambo ambayo wakuu wa miji walishayafanya kwenye njaa zilizopita na jalada zake zilikuwepo ofisini kwake. Angeweza kuandika Edo kwamba nitatuma ila nusu sasa nusu baadaye, mji wangu uko hoi. Barua ya namna hiyo ingemgharimu kibali cha kaka yake. Kutoiandika hakukumgharimu chochote.

Hapa ndipo anaingia Ōshio. Alizaliwa 1793, wazazi wakafa yeye mdogo, akarithi kazi ya yoriki kutoka kwa babu yake. Alikuwa mkali, msomi, hana mchezo, na jina alilijenga miaka ya mkuu wa Mashariki Takai Sanenori. Alishughulikia kesi tatu kubwa: watu waliotuhumiwa Ukristo 1827, maana dini hiyo ilikuwa marufuku, na walisulubiwa, kesi ya Yuge Shin'emon, yoriki mwenzake wa ofisi ya Magharibi aliyekuwa anakula na wahalifu, akaishia kujiua, na mwaka 1830 akawafagia watawa wa Kibudha waliokuwa wanaishi kinyume na viapo vyao. Takai alipoondoka 1830 naye akaacha kazi, akamwachia mtoto wa kumlea, Kakunosuke, yeye akabaki na shule yake nyumbani akifundisha mafundisho ya Wang Yangming, mwanafalsafa wa Kichina, ambayo kiini chake ni kwamba kujua na kutenda ni kitu kimoja, ukijua jambo baya halafu ukakaa basi bado hujalijua. Kwa mtu wa tabia yake hilo ni sawa na kumpa kibiriti, nasema hivyo kwa heshima kabisa.

Alianza kwa njia halali, na hili watu wengi huliruka. Alipeleka mapendekezo kwa Atobe kupitia Kakunosuke ambaye alikuwa bado mtumishi pale ofisini, fungueni maghala, tuwape watu chakula, akakataliwa. Akawageukia matajiri, kina Kōnoike na Mitsui, akaomba mkopo wa kusaidia maskini, nako hola. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwisho akauza vitabu vyake, maktaba nzima ya mwalimu aliyeishi kwa vitabu, makumi ya maelfu ya juzuu, akapata zaidi ya ryō 600 (ryō ni fedha ya wakati ule, na shu ni sehemu yake ndogo), na kwa kupitia maduka ya vitabu akagawa shu 1 kwa kila kaya, kaya 10,000. Hesabu inakubali, shu 16 ndio ryō 1, kwa hiyo kaya 10,000 ni ryō 625. Fikiria foleni hiyo, watu wamekonda wameshika vikaratasi, wanapewa sarafu moja ya mstatili inayolingana na ukucha. Atobe alivyosikia hakuona aibu wala hakushtuka, aliona mtu anatafuta jina, akamkaripia Kakunosuke.

Wakati pesa zinagawiwa maneno nayo yalikuwa yanapita kimyakimya: mkiona moto Tenma, kimbilieni huko.

Mpango wake unaonyesha kabisa huyu ni mtu wa ofisi. Mkuu mpya wa Magharibi, Hori Toshikata, alikuwa ndio kwanza kafika, na desturi ilikuwa mkuu mpya azungushwe mjini na mwenzake. Ratiba ikasema tarehe 19 ya mwezi wa 2 kwa kalenda yao, ambayo ndiyo 25 Machi, jioni wote wawili watapumzika kwa yoriki mmoja anaitwa Asaoka, na nyumba ya Asaoka iko ng'ambo ya barabara mkabala na ya Ōshio. Wakuu wote wawili wa mji wamekaa wanakunywa chai hatua chache kutoka kwenye mzinga wake. Mtu wa nje asingejua hiyo ratiba wala asingejua nani yuko zamu ya usiku ofisini, na watu wawili wa Ōshio walikuwa kwenye zamu hiyo hiyo.

Ila ofisi ile ile aliyoitumia ndiyo iliyomwangusha. Wafuasi wake wengi walikuwa maafisa wenzake na watoto wao, watu wenye mishahara ya kurithi, wenye wake na wazazi ambao kwa sheria za wakati ule wangeburuzwa pamoja nao. Dōshin mmoja, Hirayama Sukejirō, akaenda kumwambia Atobe usiku wa tarehe 17. Na Atobe alisitasita! Hakuwa na uhakika amwamini nani ndani ya ofisi yake, kwa sababu hakuwajua watu wake. Alfajiri ya tarehe 19 ikamfikia Hori barua ya pili ya usaliti, iliyopelekwa na vijana wawili wa familia za watumishi, ndipo wakashtuka. Wale wawili wa zamu wakaitwa, mmoja, Koizumi Enjirō, akauawa pale pale, mwingine, Seta Sainosuke, akaponyoka akakimbia usiku usiku hadi Tenma kumwambia mwalimu siri imetoka.

Kwa hiyo ikabidi waanze asubuhi badala ya jioni, wakuu hawajafika, wanakijiji wengi walioahidi hawajakusanyika. Wakapiga mzinga nyumba ya Asaoka, kukawa na mti mkubwa pale uliopasuliwa na risasi hiyo na ukaendelea kuishi na kovu lake hadi miaka ya 1980. Wakateremka kusini, daraja la Tenjin limeshavunjwa kwa amri ya ofisi, wakavukia daraja la Naniwa, wakaingia mitaa ya matajiri, wakarusha moto kwenye maduka ya kina Kōnoike na Mitsui, mchele na fedha vikamwagwa barabarani watu wachukue. Kundi lilifika kama watu 300. Upande wa serikali nao ulikuwa aibu tupu, wakuu wote wawili walidondoka kwenye farasi siku ile, wa Hori alishtushwa na milio ya bunduki za upande wao wenyewe. Askari wa ngome ya Osaka ndio waliofanya kazi, mpiga mzinga wa Ōshio akapigwa risasi akafa, na kufika alasiri kundi limeshatawanyika. Nusu siku tu.

Moto haukutawanyika lakini. Zaidi ya nyumba 3,000 ziliungua, na kwa kuwa nyumba moja ya kupanga ilibeba familia kadhaa, kaya zilizokosa pa kulala zilipita 10,000. Rudi kwenye ile namba ya sarafu. Kaya nyingi kama alizozisaidia, pengine zingine ndizo hizo hizo, ndizo zilizobaki nje kwenye baridi ya mwanzo wa masika, hazina paa wala chungu. Mimi nampenda Ōshio, nakiri wazi, lakini hili siwezi kulifunika, kuchoma mji wa mbao wakati wa upepo ni uamuzi, na yeye aliyefanya kazi kwenye ofisi inayosimamia zimamoto alijua kuliko mtu yeyote moto wa Osaka unavyotembea. Alichokifanya Atobe kwa kutia muhuri, yeye alikifanya kwa kibiriti, na waliolipa walikuwa wale wale. Ajabu ni kwamba waliounguliwa wengi hawakumchukia. Waliendelea kumtaja kwa heshima, na ilani yake, iliyowataja maafisa wa Osaka kwa ukatili wao na wale waliokamatwa kwa shō moja ya mchele, ilinakiliwa kwa siri mkono kwa mkono ingawa kukutwa nayo ni kosa.

Yeye na Kakunosuke walijificha mjini mle mle, kwa mfanyabiashara anaitwa Miyoshiya Gorobei, mtaa wa Utsubo. Zaidi ya mwezi, msako nchi nzima. Waliokuja kumpata ni watu wa Doi Toshitsura, msimamizi wa ngome ya Osaka, bwana msomi aliyechunguza chembe za theluji kwa hadubini na kuchapisha michoro yake 1832. Tarehe 1 Mei nyumba ikazingirwa, baba na mwana wakajichoma humo humo. Miili haikutambulika vizuri, ndiyo maana uvumi kwamba yuko hai ulikaa muda mrefu.

Kesi ikapelekwa Edo. Miili ikawekwa kwenye chumvi isubiri hukumu, na hukumu ikatoka 1838, mwaka na nusu baadaye: kusulubiwa. Washtakiwa wengi walikuwa wamefia mahabusu au wamejiua, kwa hiyo waliyoipandisha misalabani karibu yote ilikuwa maiti zilizokaushwa, mtu hai alikuwa mmoja tu. Mafaili ya kesi yalijaa maswali kuhusu nani alijua nini na lini, nani alishika mzinga, nani alitoa hifadhi. Mchele wa Hyōgo haukuwa sehemu ya mashtaka ya mtu yeyote.

Atobe hakuguswa. Alipanda, akapita kwenye vyeo vikubwa vya Edo kimoja baada ya kingine. Yabe Sadanori, yule aliyeuliza, mwaka 1841 akateuliwa mkuu wa mji wa Edo, ofisi ya Kusini, akakaa miezi tu akaondolewa kwa fitina wakati wa mageuzi ya Mizuno, akawekwa kizuizini mji wa Kuwana, na 1842 akafa huko, amekataa kula. Mwaka 1844 ofisi hiyo ya Kusini ilihitaji mkuu mpya tena. Aliyepewa ni Atobe.